Je, Yesu anataka nimchukie mama? Jibu kuhusu Luka 14:26

Swali: *Huu ni mwaka wa sita tangu nibatizwe nikiwa mtu mzima. Mama hakuupenda uamuzi huo na mpaka leo hajaukubali, ila tunaongea kila juma, na mimi ndiye ninayemnunulia dawa za presha. Mwezi uliopita kiongozi wa kikundi chetu cha maombi alifundisha Luka 14:26, "Kama mtu akija kwangu naye hamchukii baba yake, na mama yake…" Akasema anayeendelea kupokea simu za wazazi wanaompinga Kristo bado hajawa mwanafunzi, na akatupa mpaka mwisho wa mwezi tuamue. Ndivyo Yesu alivyotaka? Kama sivyo, kwa nini alisema neno zito namna hiyo? Na je, nimwonyeshe mama mstari huu?*

Jibu: Endelea kumnunulia mama dawa, na simu yake ipokee. Nalitanguliza hilo ili usisome maelezo yote haya ukiwa na mzigo huo kifuani.

Lakini sitakuambia kwamba mstari huo ni mwepesi. Wahubiri wengi hukimbilia kuulainisha: "Yesu alimaanisha tu umpende Mungu zaidi." Msikilizaji anapumua, mambo yanaisha, na mstari unabaki haujasomwa. Kiongozi wenu naye kafanya kosa la upande wa pili: kauchukua mstari mmoja, kauchomoa kwenye sura yake, kaugeuza fimbo. Dawa ya makosa yote mawili ni moja, nayo ni kuisoma sura nzima taratibu.

Anzia mstari wa 12

Fungua Luka 14. Yesu yuko mezani, nyumbani kwa mmoja wa wakuu wa Mafarisayo, siku ya sabato. Katika mstari wa 12 anamwambia mwenyeji wake jambo la ajabu: ukifanya karamu usiwaite rafiki zako, wala ndugu zako, wala jamaa zako, wala majirani wenye mali. Waite maskini, vilema, viwete na vipofu. Sababu anaitoa palepale: wale wa kwanza watakulipa kwa kukualika nawe, hawa wa pili hawana cha kukulipa. Kwa hiyo jamaa wameshatajwa kabla hatujafika mstari wa 26, na wametajwa kama duara la nipe nikupe ambalo mtu anaweza kuishi ndani yake mpaka kufa bila kumwona aliye nje.

Mstari wa 16 unaanza mfano wa karamu kubwa. Walioalikwa wanatoa udhuru mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza amenunua shamba. Wa pili amenunua ng'ombe jozi tano, yaani ng'ombe kumi wa kulimia. Huyo si mkulima mdogo. Wa tatu, mstari wa 20, ameoa, kwa hiyo hawezi kuja. Hata kuomba radhi haombi. Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: udhuru huo wa tatu una harufu ya Torati. Kumbukumbu la Torati 24:5 inamwachia mume mpya mwaka mmoja nyumbani, asiende vitani. Udhuru wote watatu, kwa hiyo, unahusu vitu vyema. Hakuna aliyesema anakwenda kuiba. Shamba, ng'ombe, mke: vitu ambavyo mtu hujivunia kuvisema mbele ya watu, na ndivyo vilivyofunga mlango.

Baada ya hapo tu ndipo mstari wa 25 unasema makutano mengi walikuwa wakifuatana naye, akageuka, akawaambia. Ukiusoma wa 26 sasa, unaona kwa nini mke ametajwa humo. Mathayo 10:37, ambao ni usemi ndugu wa huu, unataja baba, mama, mwana na binti, lakini mke haumtaji. Luka anamtaja kwa sababu msomaji wake ametoka kumsikia, mistari sita tu nyuma, bwana harusi asiyeweza kuja. Orodha ya mstari wa 26 inajibu udhuru wa mstari wa 20.

Tazama pia ni nani waliokuwa wakiambiwa. Ni umati uliokuwa ukiongezeka, na Yesu alikuwa njiani kwenda Yerusalemu (safari inaanza 9:51). Kiongozi anayetafuta idadi huwapa watu maneno matamu. Yesu aligeuka akawapa sababu ya kurudi nyumbani. Nitalirudia hili baadaye, kwa sababu linamhusu kiongozi wenu moja kwa moja.

Neno "kuchukia"

Kwa Kigiriki cha Luka neno ni *miseo*, na maana yake ya kawaida ni kuchukia kwelikweli. Ni neno lilelile la Luka 6:27, "watendeeni mema" wale wanaowachukia. Usikubali mtu akuambie kwamba Kigiriki kina neno laini hapo. Hakina.

Kinachosaidia ni kujua jinsi Waebrania walivyotumia jozi "kupenda na kuchukia". Katika Mwanzo 29:30 Yakobo anampenda Raheli kuliko Lea. Mstari unaofuata, kwa Kiebrania, unamwita Lea "aliyechukiwa". Yakobo alikuwa akilala kwa Lea na kuzaa naye; hakumtupia mawe. Ila kila palipotakiwa kuchaguliwa mmoja, Lea alikuwa wa pili. Kumbukumbu la Torati 21:15-17 inachukua hali hiyohiyo na kuitungia sheria: mtu akiwa na wake wawili, mmoja apendwaye na mmoja achukiwaye, na mzaliwa wa kwanza akawa wa yule achukiwaye, ni marufuku kumpokonya mtoto huyo haki yake ya mafungu mawili. "Kuchukiwa" hapo ni cheo cha mtu wakati wa kugawa. Yesu mwenyewe anautumia msemo huo sura mbili mbele, Luka 16:13: mtumishi wa mabwana wawili "atamchukia mmoja, na kumpenda mwingine". Hazungumzii hisia za mtumishi. Anazungumzia siku ambayo mabwana wote wawili wameita kwa wakati mmoja, na miguu ya mtumishi inabidi iende upande mmoja.

Hapa pana kosa moja la kitaalamu linalosikika sana, hata kwa watu waliosoma: kwamba Kiebrania hakina namna ya kusema "kuliko", ndiyo maana kikatumia "kuchukia". Si kweli. Mwanzo 29:30 niliyoitaja ina "kuliko" yake waziwazi. Kiebrania kilikuwa na neno hilo na mara nyingine hakikulitumia kwa makusudi, kwa sababu "zaidi" na "kidogo" ni maneno ya kupima, na njia panda haipimwi. Unapita kulia au unapita kushoto. Wala tusijidanganye kwamba neno hili halina makali: katika Malaki 1:2-3, "kumchukia Esau" kunafuatana na milima iliyofanywa ukiwa. Kwa hiyo mimi sisemi "kuchukia maana yake ni kupenda kidogo." Nasema ni neno la uamuzi, linalotaja nani anabaki nyuma pale ambapo wawili hawawezi kufuatwa pamoja.

Ushahidi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo ndani ya mstari wenyewe. Orodha inaishia wapi? "Naam, na hata nafsi yake mwenyewe." Chochote unachopaswa kumfanyia mama, unapaswa kuifanyia nafsi yako kwa kitenzi kilekile. Je, Yesu aliwataka wanafunzi waache kula, wajitukane kwenye kioo, wajikate? Waefeso 5:29, kwa kitenzi kilekile cha Kigiriki, inasema hakuna mtu aliyeuchukia mwili wake wakati wowote, bali huulisha na kuutunza. Na amri ya kumpenda jirani inapimwa kwa "kama nafsi yako". Kwa hiyo kuichukia nafsi ni kuinyima kauli ya mwisho wakati uhai na utii vinapogongana, kama Yohana 12:25 inavyosema. Ukiendelea kuulisha mwili wako huku ukikataa kuwa mtumwa wake, ndivyo utakavyoendelea kumlisha mama yako. Yeyote anayetaka umtendee mama ukali ambao wewe hujitendei mwenyewe ameukata mstari katikati.

(Neno la pembeni kwa wanaousoma mstari huu wakiwa na huzuni nzito au mawazo ya kujidhuru: haukuhusu kwa maana hiyo. Hali hiyo inataka daktari na mtu wa kukaa nawe, leo, si kesho.)

"Hawezi"

Kuna kitenzi kingine ambacho watu hawakigusi, na mimi nadhani ndicho kinachobeba sura. Mara tatu, mistari ya 26, 27 na 33, Yesu anasema "hawezi kuwa mwanafunzi wangu". Hakusema "sitamkubali". Hakusema "amelaaniwa". Hawezi, kama vile mtu mwenye mguu uliofungwa kwenye nguzo hawezi kwenda sokoni. Ni maelezo ya hali. Mtu ambaye kauli ya mwisho kuhusu kweli, haki na ibada iko mikononi mwa ukoo wake atatembea na Yesu mpaka mahali ambapo ukoo utasema basi. Hapo atasimama, hata kama moyo wake ulikuwa mzuri.

Na katikati ya hizo "hawezi" tatu, mstari wa 27, pana msalaba ambao mwanafunzi anatakiwa kuuchukua. Siku hizi tunasema "msalaba wangu" kwa maana ya ugonjwa au bosi mkorofi. Waliomsikia walikuwa na picha nyingine. Mwanahistoria Myahudi Yosefo anaandika kwamba baada ya kifo cha Herode, mwaka wa 4 kabla ya Kristo, jemadari Varo aliwasulubisha watu wapatao 2,000 katika kuzima maasi. Mtu anayebeba msalaba barabarani ni mtu ambaye jamaa zake wanamfuata wakilia, au wamejificha wasihusishwe naye. Mistari ya 26 na 27 ni tukio moja lililotazamwa kutoka pande mbili.

Kisha, na hili ndilo nataka ulishike unapomkabili kiongozi wako, Yesu anaongeza mifano miwili midogo. Mtu anayetaka kujenga mnara: ni nani "asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama"? Mfalme mwenye watu 10,000 anayekutana na mwenye 20,000: naye anaketi kwanza na kufanya shauri. Mara mbili, kuketi kwanza. Neno gumu kuliko yote kuhusu familia linafuatwa papo hapo na agizo la kutoharakisha, la kuhesabu, la kutaka shauri. "Nawapa mpaka mwisho wa mwezi" haimo humo.

Walifanyaje wale waliomsikia?

Njia moja ya kupima tafsiri ya neno gumu ni kuangalia waliolisikia kwanza waliishije baada ya kulisikia.

Petro anasema "tumeacha vyote" (Marko 10:28). Lakini nyumba yake ipo, na mama mkwe wake anaponywa humo (Marko 1:29-31). Miaka mingi baadaye Paulo anaandika, 1 Wakorintho 9:5, kwamba Kefa, yaani Petro huyohuyo, anasafiri pamoja na mkewe. Kumbe "kuacha" kwa Petro hakukuwa talaka. Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni, ila Marko 1:20 inaongeza maneno machache ambayo ni rahisi kuyaruka: pamoja na watu wa mshahara. Mzee hakuachwa peke yake na nyavu.

Yesu mwenyewe alipata upinzani wa nyumbani. Marko 3:21 inasema jamaa zake walitoka kumkamata, kwa kuwa walisema amerukwa na akili. Hakutoka kwenda nao. Alitazama waliokuwa wameketi kumzunguka akasema hao ndio mama yangu na ndugu zangu. Hiyo ndiyo Luka 14:26 ikitendeka. Na mtu huyohuyo, akiwa msalabani, anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, na tangu saa ile mwanafunzi anamchukua nyumbani kwake (Yohana 19:26-27). Alimkatalia mama agizo, hakumkatalia ulinzi wa uzee. Tena katika Luka hiyohiyo, 18:20, anapomjibu mtawala tajiri, amri ya kuwaheshimu baba na mama iko kwenye orodha yake.

Mfano wa baadaye kidogo. Mwaka 203, katika mji wa Karthago, mama kijana aitwaye Perpetua, wa umri wa miaka 22 hivi na mwenye mtoto anayenyonya, alifungwa kwa kuwa Mkristo. Baba yake, asiye Mkristo, alimwendea zaidi ya mara moja akamsihi, akambusu mikono, akajitupa miguuni pake. Alikataa kila mara. Maneno yake ya gerezani yamehifadhiwa, na humo hakuna chembe ya chuki: baba alipopigwa fimbo kwa amri ya mtawala, Perpetua aliandika kwamba alimhuzunikia kwa ajili ya uzee wake. Alikataa, na akahuzunika. Huyo angeweza kukufafanulia mstari wa 26 vizuri kuliko mimi.

Mahali mambo yanapoharibika

Kosa la kuchukua usemi mkali wa Yesu kama maelekezo ya kisu si jipya. Kuhusu waliojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme (Mathayo 19:12), walikuwako waliotii kwa mwili, na tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliliweka kwenye kanuni yake ya kwanza kabisa: aliyejihasi mwenyewe akiwa mzima wa afya asiwe katika ukleri, yaani miongoni mwa wahudumu wa kanisa. "Jicho lako likikukosesha" ni hivyohivyo. Kipofu naye hutamani. "Waache wafu wazike wafu wao" ni neno linalohitaji makala yake, nami silifungui hapa, ila nalo uliweke kwenye mizani hiyohiyo: lilisemwa kwa nani, njiani kwenda wapi, na waliolisikia waliwazika wafu wao au hawakuwazika?

Kosa lililo karibu nawe zaidi ni la Korbani. Marko 7:9-13: mtu alikuwa akitamka juu ya mali yake kwamba ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na kuanzia hapo wazazi hawakuweza kufaidika nayo. Desturi hiyo haikuwa ya kubuni. Karibu na Yerusalemu lilipatikana sanduku la mifupa la mawe lenye maandishi ya Kiaramu yanayotangaza kwamba chochote mtu atakachokiona cha kumfaa ndani yake ni korbani kwa Mungu kutoka kwa aliyemo. Neno moja, na mkono wa mwingine umezuiwa. Yesu aliita jambo hilo kulitangua neno la Mungu kwa mapokeo. Basi mtu akikuambia fedha ya dawa za mama iingie kwenye mfuko wa kikundi kwa sababu mama "hajaokoka", mfungulie Marko 7. Na 1 Timotheo 5:8 haizunguki: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Hakuna sharti hapo kwamba wa nyumbani wawe waamini.

Kosa la tatu ni la nani anakalia kiti kilichoachwa wazi. Rudi kwenye mstari: "akija *kwangu*". Mathayo: "kuliko *mimi*". Anayedai nafasi ya juu ya wazazi ni Kristo, na hakumkabidhi dai hilo kiongozi wa maombi, wala askofu, wala nabii. Linganisha Marko 10:29 na 10:30, ukihesabu kwa kidole. Wanaoachwa: ndugu waume, ndugu wake, mama, baba, watoto, pamoja na nyumba na mashamba. Wanaorudishwa mara mia: ndugu, mama, watoto, nyumba, mashamba, pamoja na udhia. Baba hayumo kwenye orodha ya pili. Siamini ni bahati mbaya, maana Mathayo 23:9 inasema wazi, msimwite mtu baba duniani. Jamaa mpya inakupa mama wengi na ndugu wengi, lakini mtawala mpya wa nyumba haikupi. Kiongozi anayekutoa chini ya mama ili uingie chini yake amekunyima hata ile nusu ya faida.

Sasa, mama

Kwanza tenganisha anachodai na alivyo. Kwenye karatasi andika madai ya mama ya mwaka huu, yale yaliyokuuma, moja moja. Pengine alikuambia uukane ubatizo. Pengine alikutaka uongope kwa ajili ya ndugu yako. Pengine alikasirika hukuja siku fulani kwa sababu ya mkesha wa maombi. Pengine hapendi unavyovaa tangu ubatizwe. Haya hayalingani. La kwanza na la pili yanagusa ibada na kweli. Hapo jibu ni hapana, na hapo ndipo Luka 14:26 inapofanya kazi yake. La tatu ni suala la ratiba, na mara nyingi mama ndiye mwenye haki: mkesha unaweza kuhamishwa, mama mgonjwa hahamishiki. La nne, mwachie ashinde. Watu wengi wanaodhani wanateswa kwa ajili ya Injili wanagombana na wazazi kuhusu mambo ya aina ya tatu na ya nne, kisha la aina ya kwanza likija kweli, hawana tena sikio la mzazi.

Pale panapotakiwa hapana, iseme kwa sentensi moja, bila mahubiri, na iambatane na jambo utakalotenda: "Mama, hilo sitaweza, nisamehe, Jumamosi nakuja na dawa zako." Usiseme "Mungu ameniambia" juu ya jambo uliloamua mwenyewe, ukishalitumia mara tatu kwa mambo madogo, siku ya jambo kubwa halitakuwa na uzito. Usitume ujumbe wa simu kwa neno zito, nenda. Na usikatae kwa niaba ya watu wasiokuwepo ("kikundi hakiruhusu"). Kama ni imani yako, iwe mdomoni mwako.

Ukiona kila mazungumzo yanaishia kwenye ubatizo, acha kuutetea kwa muda. Mama amesikia hoja zako zote kwa miaka sita. Ambacho labda hajakiona ni kwamba ubatizo umemwongezea mtoto, haukumpunguzia.

Kama mzazi anapiga, anatishia au anadhulumu, kukaa mbali naye ni usalama, na hakuhitaji mstari wa Luka kukuhalalishia. Nalitaja ili mwenye hali hiyo asidhani nimemfunga. Kwa maelezo yako, si hali yako.

Kiongozi wa kikundi

Nenda kwake, ukiwa na mwamini mmoja mtu mzima asiye wa kikundi hicho. Umwombe msome pamoja Luka 14 kuanzia mstari wa 12 mpaka wa 35, yeye asome kwa sauti. Halafu muulize mambo matatu. Kwa nini nafsi ya mtu imo kwenye orodha, na kikundi kinaichukiaje? Tarehe ya mwisho ameitoa mstari gani, wakati mistari ya 28 na 31 inasema kuketi kwanza? Na Marko 7:9-13 anaielewaje?

Inawezekana ni mtu mwenye bidii aliyefundishwa vibaya. Wapo wengi, na wengine hushukuru wakionyeshwa. Akikuambia "umeingiwa na roho ya mabishano", akikukataza kumshirikisha mtu wa nje, au ukigundua kwamba wanaokata mawasiliano na wazazi ndio haohao wanaohamishia kwake mishahara na maamuzi, toka. Usisubiri mwisho wa mwezi wake. Yesu aliugeukia umati na neno gumu akaacha njia ya kurudi nyuma wazi. Kiongozi huyo anatumia neno hilohilo kuwafungia watu ndani. Na mchungaji wa kanisa lako apate habari, kwa maandishi, kilichofundishwa na tarehe, kwa sababu kuna wenzako kwenye kikundi ambao wazazi wao nao wanapiga simu zisizopokelewa.

Umwonyeshe mama?

Si sasa, na kamwe usimwonyeshe mstari wa 26 peke yake. Kwake itakuwa hati ya mashtaka. Ila kama amesikia kwa wengine na akakuuliza, usikwepe wala usiseme "hiyo haimo". Kaa naye, usome kutoka 14:12, upitilize mwisho wa sura bila kusimama, uingie ya 15 mpaka mwisho wake. Ukisoma kwa sauti ya kawaida haizidi dakika kumi. Migawanyo ya sura iliwekwa karne nyingi baada ya Luka. Kwa msomaji wake wa kwanza, mtu aliyesikia "hamchukii baba yake" alifika muda mfupi baadaye kwa mzee mmoja anayemwona mwanawe akiwa bado mbali, anapiga mbio, anamwangukia shingoni. Mkifika hapo, mwache mama aseme la kwanza.